Vitanda vya Wasiokuwepo

Ukipanda mlima mpaka pale mianzi inapoanza kukonda na baridi inapokupekua hadi kwapani, hapo ndipo ilipokuwa milki ya Rukungu. Wenyeji wake walikuwa gorila, na mfalme wao alikuwa dume moja kubwa lenye mgongo mweupe kama jivu la asubuhi, wakamwita Mgongofedha. Wafalme wengi hupenda kuitwa baba wa taifa. Huyu alikuwa baba kweli. Ukiwaondoa wake zake, na vikongwe wachache waliobaki tangu enzi ya marehemu baba yake, kila raia wa Rukungu alikuwa mwanawe wa kumzaa. Ukiilalamikia serikali, umemlalamikia mzazi.

Milki ile haikuwa na sheria nyingi. Ilikuwa na desturi mbili, moja ya jioni na moja ya asubuhi, na zilitosha.

Ya jioni ilikuwa ya vitanda. Jua likianza kushuka, kila gorila hukaa chini alipo, huvuta matawi, huyakunja chini ya mapaja, huyakandamiza kwa ngumi, kisha hujizungusha kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia, na kitanda kimekuwa. Kitanda hulaliwa mara moja. Kesho wanalala pengine, na cha jana kinaachwa pamoja na kile ambacho gorila hukiacha kitandani akiamka, maana gorila hana aibu hiyo. Mtoto hulala kifuani kwa mama yake mpaka siku atakapojikunjia matawi yake mwenyewe, na siku hiyo ni kubwa. Shangazi zake huja kukibonyeza kitanda kwa kiganja, wanaguna kwa heshima, wanaondoka.

Ya asubuhi ilikuwa ya nyaya. Watu wa bondeni hutega msituni: hupinda mti mchanga, hufunga waya wenye kitanzi, hufunika majani. Wanamtaka pongo, wanamtaka funo, gorila hawana haja naye, lakini waya hauulizi kabila. Kwa hiyo vijana wa Rukungu waliamka kabla ya wengine na kupita kwenye njia za wanyama. Wakiona mti umepinda bila sababu, mmoja aliurukia akauvunja, mwenzake akakitoa kitanzi. Kazi hiyo iliitwa kwenda umande, na kijana asiyekwenda umande hakuruhusiwa kula karibu na Mfalme.

Nyamvura alikuwa mke wa tatu wa Mgongofedha. Alikuwa na sikio lililochanika na uzito wa kusema. Mwanawe wa kwanza alikufa kwa mafua, mwaka ule wageni wa kupiga picha waliposogea karibu mno na mmoja wao akapiga chafya. Aliyebaki alikuwa binti, jina lake Sindi, mtoto mwenye vidole virefu na maswali mengi, na Nyamvura hakuwa na lingine alilolitaka duniani zaidi ya kumwona huyo mmoja amekua.

Mambo yalianza kuharibika siku Kima alipokuja barazani akiwa na makombo ya biskuti kidevuni. Kima huyu ndiye aliyekuwa balozi wa milki kwa binadamu, kwa maana kwamba alikuwa akiwaibia chakula kambini, na hapo hapo akayajua mazungumzo yao.

"Mtukufu, kuna habari," akasema. "Lakini si nzuri."

"Sema."

"Wale binadamu wa kambini, wahesabu wa gorila, wamemaliza kazi. Wamesema Rukungu imepungua."

Mfalme akaacha kutafuna. "Nani amepungua?"

"Ninyi, Mtukufu. Mimi simo. Mimi ni kima."

Mfalme akalitazama tumbo lake, akalikuta kama alivyoliacha. "Na Bisaro?"

Kima akajikuna. Bisaro ulikuwa mlima wa jirani. Mfalme wake alikuwa kijana, na jioni zenye utulivu ngurumo ya kifua chake ilivuka bonde ikaingia Rukungu bila hodi. "Bisaro wameongezeka kidogo," akasema.

Nyamvura alikuwa nyuma ya baraza akimmenyea Sindi bua la maji. Angeulizwa, angewaambia ni kina nani waliopungua na kwa nini, maana kila aliyekufa alikuwa na mama yake hapo hapo amekaa. Angetaja mafua, angetaja wachoma mkaa walioula mteremko wote wa mashariki. Hakuulizwa. Mfalme anaweza kuvumilia raia kufa. Kupitwa na jirani ni jambo jingine.

Aliyesimama kusema ni Mbega. Mbega huyu alikuwa mshauri mkuu kwa sababu ya mavazi yake, joho jeusi lenye pindo jeupe, ambalo alizaliwa nalo. Mbega hana kidole gumba. Hajawahi kufungua fundo wala kujenga kitu, na labda ndiyo maana mashauri yake yalikuwa mepesi kutekelezwa, kwa upande wake.

"Naomba kuuliza," akasema Mbega. "Hao wahesabu walituhesabu lini? Mimi sikuwaona."

"Hawatuhesabu sisi," akasema Kima. "Wanakuja asubuhi tukishaondoka, wanahesabu vitanda. Kitanda kimoja, gorila mmoja."

Mbega akaupanga mkia wake vizuri kwenye tawi. "Basi, Mtukufu, raia hawajapungua. Vilivyopungua ni vitanda."

Baraza likaitikia kwa kichwa taratibu, kama watu wanaoonja mchuzi.

Jioni ile amri ikatoka. Kila raia atatengeneza kitanda chake, kisha atatengeneza na kingine kwa ajili ya Mwananchi Mtarajiwa. Kikongwe mmoja wa enzi ya zamani akauliza Mwananchi Mtarajiwa atakuja kulala saa ngapi, ili wamwachie nafasi. Mbega akamjibu kwa upole kwamba huyo ni taifa la kesho, mzee wangu. Kikongwe akasema sawa, ila yeye mgongo unamuuma leo.

Walitengeneza. Wahesabu walikuja asubuhi, wakazunguka, wakaondoka. Kima akarudi uso umemsinyaa.

"Hawakuvihesabu," akasema. "Vile vya pili vyote wameviruka. Havina mavi."

"Kinyesi," akasema Mbega.

"Havina hicho. Wanasema kitanda kisicho na hicho hakikulaliwa. Na wanacho kijiti cha kukipimia hicho. Kikubwa chenye nywele nyeupe ni cha mfalme. Cha kadiri ni cha mama. Na vikiwa vidogo pembeni ya cha mama, basi kuna mtoto."

"Wanapima changu?" akauliza Mfalme.

"Chako wanakipima kwanza, Mtukufu. Na wanasema ni kizuri."

Mfalme hakuchukia.

Baraza lilikaa mpaka jua likawa utosini, likajadili suala hilo kwa uzito wake wote, na wala hakuna aliyecheka, maana aliyecheka angeulizwa anacheka nini. Mwisho likaundwa Kikosi Maalumu cha Usambazaji. Kazi yake ni kuchukua penye ziada na kupeleka penye upungufu. Kwa kuwa kazi hiyo ilihitaji nguvu na kuamka mapema, ikaamuliwa wapewe vijana wa umande.

Hapo Nyamvura alifungua mdomo barazani kwa mara ya kwanza tangu aolewe. "Na umande atakwenda nani?"

"Swali zuri, mama," akasema Mbega. "Umande wa nini?"

"Wa nyaya."

"Nchi inayoongezeka haina nyaya. Ingekuwa na nyaya, ingeongezekaje?"

Nyamvura alilizungusha jambo hilo kichwani, akatafuta mahali pa kulishika, hakupaona. Akakaa.

Basi kikosi kikaanza kazi, na kiongozi wake alikuwa Kashari, mtoto wa mke mkubwa, kijana aliyekuwa hodari kuliko wote kuvunja mitego. Sasa ukimkuta asubuhi amebeba majani mapana yaliyokunjwa kwa uangalifu, alikuwa anatazama pembeni. Wanawake wenye watoto wachanga walipata heshima ambayo hawakuwahi kuipata. Kila kukicha ilikuja ujumbe kuwauliza kama mtoto ameshafanya. Mama aliyesema bado, aliambiwa ajitahidi.

Matawi nayo yakaanza kuadimika. Machipukizi ya mianzi ambayo ni chakula yalivunjwa yakatandikwa kabla hayajaliwa. Jioni watu walikuwa hoi. Wengine walilala katika kitanda cha Mwananchi Mtarajiwa kwa kupitiwa, na cha kwao kikabaki kitupu, lakini hesabu haikuharibika.

Katika siku hizo hizo Sindi alijikunjia kitanda chake cha kwanza. Kilikuwa kimeinama upande na kina tundu katikati. Shangazi zake wakaja wakakibonyeza, wakaguna. Nyamvura alilala jirani yake, kifua kikiwa wazi na baridi ikiingia mahali ambapo mtoto alizoea kukaa, na hakulalamika.

Asubuhi yake Kashari akaja. "Mama mdogo, nimeambiwa Sindi ameshaanza."

"Ameanza jana."

"Basi jioni ni viwili."

"Kashari."

"Mimi natumwa tu, mama."

Haukupita muda mrefu, wahesabu wakatangaza. Kima alikuja mbio akining'inia kwa mkono mmoja. Rukungu imepona, alisema. Wameiandika kabisa kwamba imepona, imeipita Bisaro, watu wanapeana mikono kambini, kuna mmoja alilia. Mgongofedha akasimama akapiga kifua mpaka ndege wakahama. Wakubwa wakakumbatiana. Kima akaendelea kusema, kwa kuwa hakuwa amemaliza, kwamba askari wa msitu wanaoulinda mlima huu wanafunga mizigo, na yule daktari wa wanyama mwenye bunduki ya usingizi anakwenda nao. Wanahamia mlima mwingine, kwa wenye shida.

"Ni heshima hiyo," akasema Mbega. "Askari huwekwa penye udhaifu."

Baraza likaona ni heshima.

Sindi alinaswa siku ambayo hata mvua haikunyesha. Karibu na malazi hapakuwa na tawi la kukunja, yote yalikuwa yameshakunjwa, na yeye alikuwa bado anadaiwa kitanda cha pili. Akavuka kilima kutafuta majani. Nyamvura alisikia sauti moja tu, fupi, akaijua. Alimkuta ananing'inia kwa mkono wa kulia kwenye mti mchanga uliokuwa umenyooka ghafla, miguu inagusa chini kwa ncha, macho makavu.

Aliuvunja mti kwa uzito wake. Kitanzi hakikutaka kutoka. Vijana wa umande walijua namna ya kukilegeza kabla hakijakaza, lakini hiki kilikuwa kimeshakaza, waya umezama katika kifundo na nyama imevimba juu yake. Akambeba mgongoni mpaka barazani, kipande cha waya kikiburuzika nyuma yao.

"Baba Sindi," akasema.

Mbega akakohoa. "Mama, hapa hakuna Baba Sindi. Hapa kuna Mtukufu."

"Basi Mtukufu amwambie Baba Sindi kwamba mwanawe amenaswa na waya."

Mfalme akautazama mkono, akatazama mbali, akautazama tena.

"Waya upi?" akauliza Mbega.

Sindi akainua mkono. Alikuwa mtoto mtiifu.

Mbega akashuka tawi moja ili aone vizuri. Akauchunguza mkono mbele na nyuma. "Hii ni bangili," akasema. "Watoto wa siku hizi wanapenda mapambo."

"Inamuuma," akasema Nyamvura.

"Mapambo huuma mwanzoni."

"Naomba ruhusa nimteremshe mpaka kwenye kibanda cha askari. Labda wapo waliobaki. Daktari akimwona atamlaza kwa dawa amkate huu waya, kama alivyomfanyia mtoto wa mke mkubwa."

"Tufikirie kwa utulivu," akasema Mbega. "Juzi dunia imesikia tumepona. Leo tuteremshe mtoto wa Mfalme akiwa hivi, wamwone. Watasema nini? Watarudi kuhesabu upya. Na safari hii watahesabu kwa ukali."

Mgongofedha alikuwa anachora ardhini kwa kidole. "Avae tu," akasema mwishowe, bila kuinua macho. "Itapoa."

Jioni, wengine wakiwa kwenye vitanda vyao vya ziada, Mfalme alikuja peke yake pale alipokaa Nyamvura. Aliushika mkono wa mtoto, akaunusa, kisha akaung'ata waya. Aling'ata kwa meno ya nyuma mpaka fizi zikatoka damu, akageuza upande, akang'ata tena. Waya ule ulikuwa umetengenezwa mbali na watu ambao hawakumfikiria yeye. Sindi alimtazama muda wote.

"Usimwambie mtu," Mfalme akamwambia Nyamvura.

"Kwamba umejaribu, au kwamba umeshindwa?"

Juu ya mti Mbega akakohoa. Mfalme akainuka akapiga kifua mara kadhaa bila sababu, akaenda zake.

Asubuhi Nyamvura akamweka Sindi mgongoni, akateremka bila ruhusa. Alipita mteremko wa mashariki ambako magogo yalikuwa yanafuka moshi chini ya udongo, na wachoma mkaa wanapiga soga bila kushusha sauti. Njia nzima alikuwa akiona miti imepinda. Aliivunja aliyoweza, mingine akaizunguka.

Kibanda cha askari kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Kwenye ngazi buibui alikuwa ameshajenga. Juu ya bati alikaa Kima, amejikunyata, amekonda.

"Hawapo," akasema Kima. "Hata biskuti hakuna."

"Waite."

"Niwaite wapi, mama? Wapo mlima wa tatu huko. Wamekwenda kwa wachache."

"Sisi ni wachache."

"Najua mimi. Wewe unajua. Lakini wao wamehesabu vitanda."

Nyamvura akakaa kwenye ngazi. Mtoto mgongoni alikuwa wa moto kama jiwe la juani. Akafikiria jioni zote hizo, yeye mwenyewe amekaa anakunja matawi, anabonyeza vizuri, maana hakupenda kazi ya ovyo hata kwa asiyekuwepo. Kumbe alikuwa anawaaga askari, tawi kwa tawi, kwa mikono yake.

"Kima, wewe si ndiwe uliyeliambia baraza namna wanavyohesabu?"

"Mimi niliulizwa nikajibu," akasema Kima. Kisha akaongeza, sauti ya chini, "Na mfuko mzima wa biskuti wahesabu walinipa siku walipotangaza. Walikuwa na furaha."

Nyamvura akaupanda tena mlima. Kwa siku nyingi baada ya hapo alikaa na mtoto chini ya mti mmoja, anamtafunia chakula, anamlambia kidonda, anafukuza nzi. Mkono ulivimba, ukawa mweusi, ukanuka, ukakauka. Asubuhi moja waya ukatoka, na mkono ukatoka nao. Sindi akapona homa. Akawa anautazama mwisho wa mkono wake kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Jioni hiyo Nyamvura alitengeneza kitanda kimoja, akakaa ndani yake.

Kashari akapita. "Mama mdogo, na cha pili?"

"Cha nani?"

"Cha Mwananchi Mtarajiwa."

"Mlete nimpime urefu."

Kashari akatazama chini. Alikuwa na majani yake yaliyokunjwa mkononi. Akayatazama kidogo, akayaweka chini, akakaa. Mke mkubwa, aliyekuwa hatua chache kando, akaliachia tawi alilokuwa analipinda, likarudi juu kwa kishindo. Kisha mwingine akaachia. Vishindo vikasikika mlima mzima, kama mvua ya matone makubwa inapoanza.

Mgongofedha akaja mbio. Alikuja kwa ile namna ya kifalme, matawi yakivunjika mbele yake, meno nje, akasimama mbele ya Nyamvura pumzi zikimgonga usoni.

"Umekataa kitanda?"

"Ninacho kitanda. Nimekikalia."

"Bisaro watasemaje?"

"Baba Sindi, kaa chini."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Alibaki amesimama, lakini meno aliyarudisha.

"Huyu mtoto alikuwa anatafuta majani ya kitanda cha mtu asiyekuwepo," akasema Nyamvura. "Vijana waliokuwepo tuliwatoa umande tukawabebesha mavi. Askari walikuwepo tukawafukuza kwa vitanda. Wewe hesabu yako imepanda. Nionyeshe mmoja, mmoja tu, aliyeongezeka."

Mfalme akageuka akamtazama Mbega. Mbega akasema kwamba suala hilo ni pana na litahitaji kikao.

Sasa, kwa gorila mwanamke haachiki wala hapewi talaka. Akichoka huondoka, tena mchana, na hakuna wa kumzuia, kwa kuwa ndivyo mama yake alivyokuja. Msimu wa machipukizi ulipofika, milki zote mbili zilikutana kwenye mgongo wa mlima kula mianzi, Rukungu upande huu, Bisaro upande ule. Wafalme wakapigiana vifua. Katikati ya ngurumo hizo Nyamvura aliinuka, akamshika Sindi mkono uliobaki, akatembea kwenda upande ule. Hakukimbia. Mke mkubwa akafuata akitafuna. Wakafuata wengine, watoto migongoni, kisha wale vikongwe, kwa taratibu zao. Kashari alikuwa wa mwisho. Alisimama katikati kwa muda, akamtazama baba yake kama anayengoja kutumwa. Mfalme hakumtuma. Akaenda.

Mfalme wa Bisaro hakuamini bahati yake, akaacha kupiga kifua akajipanga vizuri. Nyamvura alimpita bila kumtazama, akamwuliza wa kwanza aliyemkuta: "Hapa vijana wanakwenda umande?"

"Wanakwenda," akaambiwa.

Akakaa.

Mbega alikaa Rukungu siku chache, akitafakari, kisha akaonekana kwenye miti ya Bisaro, joho likiwa safi. Alikuwa na mapendekezo. Mke mkubwa alimrushia gogo.

Kima naye alipita siku moja akiwa amenenepa kidogo. Alisema wahesabu wamerudi Rukungu, wakakuta vitanda kila mahali, vipya, vimepangwa kuanzia mtoni mpaka kwenye mianzi, na kila kimoja kina uthibitisho wake. Wameandika kwamba nchi inazidi kustawi. Ila kuna jambo limewashangaza, maana walipopima kwa kijiti, vyote ni vikubwa na vyote vina nywele nyeupe. Wanasema huenda ni nchi ya wafalme watupu.

Hakuna aliyecheka, hata hapo.

Jioni hiyo Sindi alikuwa anajitengenezea kitanda. Alivuta tawi kwa mkono mmoja, akalibana kwa goti, akatafuta jingine, lile la kwanza likafyatuka. Akaanza upya. Nyamvura alikaa jirani akiwa ameikalia mikono yake, maana mikono ilitaka kwenda kusaidia.

Ng'ambo ya bonde, kutoka Rukungu, kifua kikaanza kupigwa. Kilipigwa kwenye kilima cha chini, pigo zito. Pakawa kimya, muda wa kiumbe mzee kupanda mlima mbio. Kisha kikapigwa kwenye kilima cha juu, pigo jepesi, la haraka, kama la kijana. Kimya tena. Halafu huko karibu na mtoni, polepole, kwa kusitasita, kama mtoto anayejifunza.

Sindi akasimamisha kazi, tawi likiwa chini ya goti. "Mama, wale kina nani?"

Nyamvura akasikiliza mpaka zamu ya kilima cha chini ikarudi.

"Wananchi," akasema. "Maliza kitanda chako."